Zamani Alikufa Mwenye Nguo, Siku Hizi Inakufa Nguo

Nilimpelekea fundi gauni langu la kijani likiwa limefumuka ubavuni, kutoka kwapani hadi kiunoni. Nililinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kwa shilingi 20,000. Bodaboda aliniletea likiwa kwenye mfuko unaometameta, na picha niliyoiona kwenye simu ilikuwa nzuri kweli. Nilikuwa nimelivaa mara mbili na kulifua mara mbili. Fundi wetu, ambaye cherehani yake iko chini ya mwembe hapa Tandika, aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, kisha akalirudisha mapajani mwangu.

"Dada, hapa hapashoneki. Hawakuacha kitambaa cha kushikia."

Sikuelewa, akanionyesha. Nyuma yake lilining'inia shati la mteja mwingine. Upande wa ndani wa mshono wake kulikuwa na kitambaa kilichobakizwa, upana wa kidole, kimekunjwa na kushikizwa vizuri. Mwenye shati akinenepa, fundi anafumua na kuongeza. Mshono ukiachia, anarudia hapohapo. Kwenye gauni langu kulikuwa na uzi wa ovaloki tu, umepita ukingoni kabisa. Ukikatika, hakuna pa kurudia. Kisha akachomoa uzi mmoja wa gauni na mmoja wa shati, akawasha kiberiti. Uzi wa shati uliwaka taratibu, ukatoa harufu ya karatasi inayoungua, ukabaki majivu laini ambayo aliyapuliza yakapotea. Wa gauni ulijikunja, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi wenye harufu kali, na nchani pakabaki kitonge cheusi kigumu kama punje ya mtama.

"Hii rambo hii," akasema. Alimaanisha ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Hakukosea. Gauni langu lilikuwa la poliesta. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli, na ni plastiki ileile ya chupa ya maji ya kunywa, isipokuwa imevutwa ikawa nyuzi. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, sisi Tanzania 2019, na tulifanya vizuri. Lakini plastiki inayoingia mwilini mwetu ikiwa na mikono na kola hakuna anayeisimamisha mpakani, na wengi wetu hatujui kwamba tumeivaa.

Ukitaka kuzielewa nguo za chapchapu, yaani zile zinazobuniwa, kushonwa, kuuzwa na kutupwa ndani ya muda mfupi, anza na huo uzi. Mwaka 2000 dunia ilizalisha takriban tani milioni 58 za nyuzi za kila aina. Mwaka 2023 zilifika takriban tani milioni 124, na zaidi ya nusu yake ni poliesta. Pamba haikuweza kukimbia hivyo, kwa sababu pamba inataka shamba, mvua na mtu wa kupalilia. Poliesta inataka mafuta na kiwanda, basi. Ongezeko hilo la miaka ishirini na kidogo limebebwa karibu lote na plastiki.

Baada ya uzi, mwendo. Sisi tuliokua miaka ya themanini na tisini tunakumbuka kwamba nguo mpya ilikuwa na tarehe yake: Idi, Krismasi, kufungua shule. Huko Ulaya nako walikuwa na misimu, ya joto na ya baridi. Kampuni ya Zara, ambayo ilifungua duka lake la kwanza mwaka 1975 mjini La Coruña, Hispania, ikaonyesha kwamba mtindo unaweza kutoka kwenye meza ya mbunifu hadi dukani kwa wiki mbili tatu. Wengine wakaingia mbio hizohizo. Shein, iliyoanzia China na inayouza kupitia simu, imewapita wote: inaweka mitindo mipya kwa maelfu kila siku, inaagiza vipande vichache vya kila mtindo, halafu unaobonyezwa sana ndio unaoshonwa kwa wingi. Mnunuzi hangoji tena sikukuu.

Mwaka 2017 taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza ilitoa hesabu ambayo mimi naiona ndiyo kiini cha jambo lote. Katika muda wa miaka 15 hivi, uuzaji wa nguo duniani ulikuwa umekaribia kuongezeka maradufu, na katika muda huohuo idadi ya mara ambazo nguo moja huvaliwa kabla ya kuachwa ilishuka kwa asilimia 36. Tunanunua mara mbili, tunavaa kidogo zaidi. Takwimu nyingine zote, za maji, za moshi, za madampo, zinatoka hapo.

Lakini uzi rahisi hautoshi kushusha bei hadi fulana mpya iuzwe mnadani sawa na sahani ya chipsi mayai. Hata leo, pamoja na mashine zote duniani, kola inashikizwa shingoni na mkono wa mtu aliyekaa nyuma ya cherehani. Ukitaka nguo ishuke bei, ni lazima kuna mahali mkono huo umelipwa kidogo.

Aprili 23, 2013, wafanyakazi wa viwanda vitano vya nguo vilivyokuwa ndani ya jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, huko Savar nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, waliona nyufa kwenye nguzo na kuta. Jengo lilikuwa pia na benki na maduka. Kesho yake benki na maduka hayakufunguliwa. Washonaji waliambiwa waingie kazini. Wengine walitishiwa kukosa mshahara wa mwezi. Asubuhi hiyo ya Aprili 24 jengo lilianguka. Walikufa watu 1,134, wengi wao wasichana na wanawake vijana, na wengine zaidi ya elfu mbili wakajeruhiwa. Kwenye kifusi zilikutwa lebo za makampuni yanayojulikana dunia nzima. Kima cha chini cha mshahara wa mshonaji kwa mwezi kilikuwa taka 3,000 za fedha ya Bangladesh, kama dola 38.

Huwa nafikiria tofauti ile ya benki na cherehani. Nyufa zilikuwa zilezile, na wote walikuwa wameziona. Mfanyakazi wa benki alikuwa na siku moja ya kusubiri. Mshonaji hakuwa nayo, kwa sababu mzigo ulikuwa na tarehe ya kupakiwa na kiwanda kikichelewa kinakatwa pesa au kinapoteza oda. Mwendo wa dukani ndio ule ule uliomsukuma kwenye ngazi asubuhi ile. Baada ya msiba, makampuni zaidi ya mia mbili yalitia sahihi mkataba wa usalama wa majengo na moto uliowafunga kisheria, viwanda vingi vikakaguliwa na kurekebishwa. Hilo ni jema la kweli. Mishahara ilipanda pia, ila bei ambayo makampuni yanawalipa wenye viwanda bado ndiyo malalamiko makubwa ya Bangladesh mpaka leo.

Kuhusu maji na mashamba, tusijidanganye kwamba pamba haina dhambi. Bahari ya Aral, kule Asia ya Kati, ilikuwa miongoni mwa maziwa makubwa kabisa duniani. Kuanzia miaka ya 1960 mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba, na bahari ikakauka hadi meli zikabaki zimekaa jangwani. Mara nyingi utasoma kwamba shati moja la pamba hula lita 2,700 za maji. Ni wastani wa dunia, na wastani unaficha mengi: pamba ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza inalimwa kwa mvua, haimkaushii mtu mto. Tatizo la kwetu ni dawa za kuua wadudu, na wapo waliolishughulikia. Wilayani Meatu, mradi wa bioRe umekuwa ukilimisha pamba bila dawa za viwandani tangu 1994.

Sasa tuje sokoni, maana kwetu nguo za chapchapu zinafika mara mbili. Mara ya kwanza zikiwa mpya, zile tunazoziita za special. Mara ya pili zikiwa mtumba.

Wazee wanakumbuka mitumba ilivyoitwa zamani: kafa Ulaya. Waghana nao wana jina lao, obroni wawu, nguo za mzungu aliyekufa. Watu wa pande mbili za Afrika, bila kuulizana, walifikia mawazo yaleyale. Walishika koti zito lenye bitana, walishika suruali yenye zipu ya chuma na mshono ulionyooka, wakaona haiwezekani mtu mwenye akili yake aachie nguo kama hii akiwa hai. Lazima amekufa.

Siku hizi mwenyewe yupo. Ameivaa mara tatu, akaiweka kwenye sanduku la kukusanyia nguo pembeni ya supamaketi, akaenda kununua nyingine. Kinachofika kwetu kimekufa au kinakaribia.

Njia yake ni ndefu. Nguo iliyokusanywa Ujerumani, Uingereza, Kanada au China huchambuliwa, mara nyingi kwenye vituo vya Pakistan, India au Falme za Kiarabu. Iliyo nzuri kabisa hubaki hukohuko na kuuzwa ghali. Inayofuata hufungwa marobota ya kilo 45 hivi na kupakiwa kwenye kontena kuja Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Mfanyabiashara wa soko la Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, ananunua robota limefungwa kwa mikanda, haruhusiwi kulifungua kwanza. Analipa, ndipo anakata mikanda. Nimesimama pale Karume alfajiri wakati mama mmoja anafungua lake. Wateja wake wa jumla walikuwa wamemzunguka, hakuna aliyekuwa anaongea. Alikuwa haangalii rangi wala mtindo. Alikuwa anakamata kitambaa kwa vidole viwili na kukisugua, kama mtu anayepima unga, halafu anakirusha kushoto au kulia. Rundo la kushoto lilipoanza kulizidi la kulia, alinyamaza zaidi. Nilimuuliza kushoto ni kwa nani.

"Hizo za jero jero," alisema. "Zamani lilikuwa rundo dogo tu, la mwisho wa siku. Siku hizi ndiyo mzigo."

Gikomba wana lugha yao: kamera ni chaguo la kwanza, zile nguo ambazo ukizivaa hakuna atakayejua, na fagia ni zile za mwisho kabisa, za kufagiliwa. Baada ya fagia kinachobaki huchomwa, hutupwa kwenye dampo la Dandora, au huishia kingo za Mto Nairobi unaopita hapohapo nyuma ya soko. Mwaka 2023 shirika la Changing Markets lilikadiria kwamba kila mwaka Kenya inaingiza zaidi ya vipande milioni 300 vya nguo zenye nyuzi za plastiki ambazo zimeharibika au haziuziki. Chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Kenya kilipinga vikali, kikisema hakuna mfanyabiashara anayelipia takataka kwa pesa yake. Mimi naona wote wawili wanasema jambo la kweli. Hakuna anayelipia takataka akijua. Lakini analipia robota lililofungwa, na asiyejua kilichomo ni yeye peke yake. Aliyelifunga anajua.

Na mzigo utazidi. Tangu Januari 1, 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu kivyake, zisichanganywe na takataka nyingine. Kwao ni hatua nzuri. Ila nguo inayorudishwa kiwandani ikawa nguo mpya ni chini ya asilimia 1 duniani, kwa sababu kutenganisha pamba na poliesta zilizosokotwa pamoja ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa hiyo nyingi ya zitakazokusanywa zitatafutiwa pa kwenda, na njia ya kuja huku inajulikana.

Hapo ndipo watu husema basi mitumba ipigwe marufuku, ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Nimelisikia hili tangu utotoni, na lina ukweli, ila si wote. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Tulikuwa na Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Sunguratex. Kenya walikuwa na Kicomi Kisumu na Rivatex Eldoret. Lakini katikati ya miaka ya 1980, mitumba inaanza kuruhusiwa nchini, viwanda vingi vilikuwa vimeshaanza kuumwa: vipuri vinahitaji fedha za kigeni ambazo hazipo, umeme unakatika, madeni yamefika shingoni. Soko lilipofunguliwa, mlango ulifunguka kwa mitumba na kwa vitambaa vipya vya bei rahisi kutoka Asia kwa pamoja. Mgonjwa akasukumwa kutoka pande mbili. Leo sehemu kubwa ya pamba nyuzi inayotoka kwenye vinu vya Kanda ya Ziwa inasafirishwa nje, na inarudi ikiwa shati.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ndani ya miaka mitatu. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, na Marekani ikazikumbusha nchi hizi kwamba zinauza bidhaa kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ikarudi nyuma, kisha Tanzania na Uganda. Rwanda ilikaza. Ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo zinazotoka Rwanda. Nawaheshimu kwa msimamo ule. Lakini pengo lilijazwa kwa sehemu na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia, nyingi zikiwa za uzi uleule ulioyeyuka mbele yangu chini ya mwembe.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu asinunue mtumba. Shati la mtumba la pamba nzito, lililokwisha kufuliwa mara hamsini na bado limesimama, ni moja ya nguo bora kwa mazingira anazoweza kuvaa mtu wa kawaida. Halikulimiwa shamba jipya wala kuchimbiwa mafuta mapya. Na juu yake wanakula wengi: kijana wa mkokoteni, mama anayefua na kupiga pasi, fundi wa kupunguza. Kinachonihuzunisha ni kwamba chemchemi ya mtumba mzuri inachafuliwa kutoka juu. Ukishona nguo ya kuvaliwa mara tatu, hakuna mtumba wa kutoka hapo.

Wanyarwanda na Warundi huita mitumba caguwa, neno walilolichukua kwenye Kiswahili chetu: chagua. Basi tuseme kuhusu kuchagua, na tuanzie nyumbani, kwa sababu si kila nguo ya chapchapu inatoka kwa mzungu.

Hesabu sare ulizoshona mwaka jana. Kitchen party rangi yake, send-off rangi yake, harusi yenyewe rangi yake, na ndugu wa bibi harusi hawavai sawa na ndugu wa bwana harusi. Siku hizi hadi arobaini ina sare. Kamati inatafuta kitambaa kinachopatikana kwa wingi na kwa bei ndogo, na kinachopatikana hivyo ni poliesta nyepesi inayong'aa. Dera linashonwa usiku kucha, linavaliwa saa sita, linapigwa picha. Ukilivaa tena kwenye shughuli nyingine wanakujua lilitoka kwa nani. Ongeza fulana za kampeni, fulana za bonanza la kazini, fulana za kila maadhimisho. Hizi hazijabuniwa La Coruña. Ni zetu, na tunaweza kuziacha sisi wenyewe bila mkutano wa marais. Kwenye harusi ya mdogo wangu tuliomba rangi badala ya kitambaa: kila mtu avae chochote alichonacho chenye bluu ya bahari. Shangazi mmoja alinuna wiki nzima, akisema ukoo utaonekana hauna umoja. Siku ilipofika alitoka na kitenge chake cha miaka kumi na mbili iliyopita, na ndiye aliyepigwa picha kuliko wote.

Kanga nayo inatufundisha. Kanga ya pamba ilikuwa na maisha marefu kuliko mitindo yote. Inaanza ikiwa doti mpya ya kutokea, inakuwa ya nyumbani, inakuwa mbeleko, inakatwa nepi, inamalizia ikiwa dekio, na siku ya mwisho unaitupa shimoni inaoza. Mombasa wamekuwa wakiuza za Mali ya Abdulla tangu 1887, na anayezijua anazigusa kwanza kabla ya kusoma jina. Siku hizi madukani kuna kanga za poliesta zenye rangi kali na methali zilezile. Mama yangu aliletewa moja kama zawadi. Alimfutia mjukuu maji baada ya kumwogesha, maji yakawa yanateleza tu kutoka bega moja kwenda lingine. Hakusema kitu kwa aliyeileta. Aliikunja akaiweka juu ya kabati, na hadi leo iko huko.

Kwa hiyo ukiwa dukani au mnadani, fanya kama fundi. Geuza nguo ndani nje kabla ya kuangalia bei. Tafuta kile kitambaa kilichobakizwa pembeni mwa mshono, na pindo la chini lenye upana wa kutosha kuteremshwa. Vuta mshono kwa mikono miwili, pole. Ukiona nyuzi zinatabasamu, acha. Inyanyue nguo kwenye mwanga: ukiona uso wa muuzaji vizuri kupitia kwenye suruali, haitamaliza mwaka. Kikunje kitambaa kwenye ngumi kwa muda wa pumzi kumi. Pamba itatoka na mikunjo, poliesta itatoka kama ilivyoingia. Lebo isome, ila usiimalizie imani yako hapo, kwa sababu lebo hubandikwa. Kipimo cha kiberiti kinasema kweli zaidi. Fanyia nje, kwa uzi mmoja uliochomolewa ndani ya pindo, nguo ikiwa mbali na moto. Nguo yenye mchanganyiko itakupa vyote viwili, majivu na kitonge.

Na usiondoke hapa ukidhani poliesta ni haramu. Sisi wote tumesomeshwa na tetroni. Shati la tetroni, ambalo ni pamba na poliesta pamoja, lilivaliwa na kaka, likarithiwa na mdogo wake, likamfikia wa tatu, na bado pasi ilishika. Nguo ile ilikuwa na plastiki, ila ilivaliwa miaka minane. Fulana ya pamba halisi inayotupwa baada ya wiki mbili imetumia shamba, maji na dawa bure. Mimi nimeacha kuuliza nguo imetengenezwa kwa nini kabla ya kuuliza nitaivaa mara ngapi.

Hesabu yake ni nyepesi. Gauni langu la kijani la 20,000 nililivaa mara mbili, kwa hiyo kila kutoka kulinigharimu shilingi 10,000. Shati la kushonesha, kitambaa 15,000 na ufundi 20,000, ukilivaa mara moja kwa wiki kwa miaka mitatu, linakuja kama shilingi 225 kwa kila kuvaa. Najua si kila mtu ana 35,000 kwa mkupuo, na umaskini ndio unaomfanya mtu anunue cha bei ndogo mara nyingi. Ndiyo maana nasema mtumba wa kuchagua kwa mkono na fundi wa kupunguza bado ni njia ya wengi wetu, na si njia ya aibu.

Ulichonacho tayari nacho kitunze. Si kila nguo iliyovaliwa saa mbili inahitaji kufuliwa. Nyingine inataka upepo tu. Anika ndani nje, kivulini kama inachuja rangi. Kifungo kikilegea, kishikize siku hiyohiyo. Nguo za poliesta kila zikifuliwa huachia vinyuzi visivyoonekana kwa macho. Shirika la IUCN lilikadiria mwaka 2017 kwamba takriban asilimia 35 ya chembe za plastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari chembe zinatokana na kufua nguo za namna hii. Maji ya beseni langu yanamwagwa mtaroni, mtaro unakwenda mtoni, na mto unaingia Bahari ya Hindi pale tunaponunua samaki.

Gauni la kijani nililiacha kwa fundi. Halifai hata kuwa dekio, maana halifyonzi maji, lakini yeye analifunikia cherehani yake jioni ili isiingie vumbi. Mwezi uliopita nilimpelekea mita tatu za pamba kutoka Kariakoo, anishonee la mtindo uleule. Alinipima mabega, kifua na kiuno, akaandika kwenye daftari lake, kisha akauliza aache kitambaa kiasi gani ndani ya mshono.

Nikamnyooshea kidole gumba.